Masaomi Hakwenda Mwezini

Jioni ile uwanja wa mbele ya kituo cha treni cha Kinshicho, Tokyo, ulijaa hadi hapakuwa na pa kuweka mguu. Skrini kubwa iliyozoea kutangaza bia na viatu ilikuwa inaonyesha roketi imesimama huko Florida, inafuka moshi ubavuni. Watoto walikuwa wamevalishwa masikio ya sungura ya karatasi, kwa ajili ya yule sungura anayesemekana kukaa mwezini, vijana wamekumbatia makopo ya kahawa ya moto kujikinga na baridi ya Desemba, na muuza viazi vitamu vya kuchoma hakuwa na nafasi ya kupumua. Katikati ya shamrashamra hizo alisimama mwanamke aliyevaa nguo za msiba.

Gauni jeusi la mikono mirefu, soksi nyeusi, viatu vyeusi visivyong'aa, mkoba mweusi, na uzi mmoja wa lulu shingoni. Nywele kazibana kisogoni, hakuna hata unywele uliotoroka. Alikuwa mzuri, hilo halina ubishi, lakini nani huenda sherehe na nguo za maziko? Watu walikuwa wanamkwepa kidogokidogo huku wakijifanya hawamwoni.

Teppei Ueda hakumkwepa, na wala si kwa ushujaa. Kundi la wanafunzi lilimsukuma kwa nyuma, na kahawa yake ikamwagika kwenye mkono wa gauni lile jeusi.

"Samahani sana, dada. Nimekuunguza?"

"Hujaniunguza." Mwanamke akajifuta kwa leso. "Uzuri wa nyeusi ni huo, doa halionekani."

"Pole na msiba. Umetokea mazikoni?"

"Hapana, ndiyo nimefika mazikoni." Akaionyesha skrini kwa kidevu. "Namsindikiza mume wangu. Yumo humo."

Teppei akadhani anataniwa. "Humo hamna mtu, dada. Ni chombo tu, kinajiendesha chenyewe. Mimi nafanya kazi Tobiishi, tumekiunda kwa mikono yetu hii."

Mwanamke akageuka kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalichangamka. "Kumbe wewe ndiye uliyembeba! Basi nikushukuru. Ni mfupa wake wa koo. Masaomi Hanawa. Labda jina umeliona."

Alikuwa ameliona. Na hapa inabidi nikueleze jambo ambalo Teppei alikuwa amelibeba tangu Oktoba.

Tobiishi ilikuwa kampuni ya watu binafsi, haikuwa na serikali nyuma yake, kwa hiyo ilitafuta pesa kila mahali. Chombo chao, Chidori, kilibeba mitambo ya vyuo, bendera za shule, na kisanduku chenye vichupa vya chuma vya ukubwa wa kidole gumba, kila kimoja na jina la marehemu. Ndani ya kila kichupa mlikuwa na ule mfupa wa koo unaofanana na mtu aliyeketi akisali, ambao ndugu huuokota wa mwisho kwenye majivu baada ya maiti kuchomwa na kuuheshimu kuliko mingine yote. Oktoba, kwenye jaribio la kutikisa, bano la kisanduku kile lilipasuka. Muda wa kutengeneza lingine haukuwepo. Mkuu wa mradi, Bwana Kuwabara, aliamuru kitolewe, mahali pake pafungwe kipande cha chuma cha uzito uleule ili chombo kisilemee upande. "Familia tutaziambia baada ya kutua," alisema. "Sasa hivi wafadhili wakisikia neno 'kupasuka' watakimbia wote." Aliyeshika bisibisi siku hiyo ni Teppei.

Kwa hiyo pale uwanjani alijua kwamba Masaomi Hanawa hakuwa Florida. Alikuwa kwenye rafu ya stoo, ng'ambo ya mto Sumida, safari fupi tu ya treni.

Umati ukaanza kuhesabu. Teppei akafungua mdomo. Mtu akitaka kusema neno kama lile huwa na nafasi moja, kabla hajamtazama anayeambiwa usoni, na yeye alikuwa ameshamtazama. Roketi ikanyanyuka. Uwanja mzima ukapiga makofi, na mwanamke akainamisha kichwa chini kabisa, akakaa hivyo mpaka moto ukawa nukta.

Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika. "Ameondoka," akasema, akashusha pumzi. "Bwana, nina njaa. Toka jana sijala kitu."

"Kuna mama mmoja anauza mchuzi wa moto wa oden kule kichochoroni."

"Twende. Wewe umemwaga kahawa, mimi nitanunua. Naitwa Chinatsu."

*

Chinatsu alikuwa fundi wa kushona kimono za kukodisha, duka la karibu na kituo. Ana vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Teppei alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye jaketi moja la kijivu ambalo Chinatsu alilichukia tangu siku ya kwanza.

"Hilo jaketi ulirithi kwa nani?"

"Nilinunua mwenyewe."

"Kwa hiari yako?"

Walianza hivyo, kwa kutaniana. Kisha simu za mchana, kisha za jioni, kisha ikawa mmoja asipopiga mwenzake anaona siku imekwenda kombo. Chidori ilikuwa inaenda mwezini kwa njia ndefu ya kubana mafuta, ingefika Aprili, na Chinatsu alikuwa anaifuatilia kama mtu anayefuatilia basi la ndugu yake.

"Leo yuko wapi?" angeuliza simuni, mdomo umeshika pini.

"Chidori imeshapita mbali kuliko mwezi wenyewe. Itazunguka, halafu itarudi taratibu."

"Anapenda mzunguko huyo. Hata sokoni ilikuwa hivyohivyo."

Teppei siku zote alisema "Chidori". Hakuwahi kusema "Masaomi yuko hapa" au "mumeo amefika pale". Alijiambia kwamba kwa njia hiyo hadanganyi. Watu tuna ujanja wa ajabu tunapotaka kulala usingizi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Chinatsu naye hakumwambia mtu. Asubuhi aliyokufa Masaomi, mkobani mwa Chinatsu mlikuwa na ufunguo wa chumba alichopanga kwa siri mtaa wa Kameido. Alikuwa anamwacha. Masaomi hakuwa mlevi wala mpigaji. Alikuwa mtu wa kukosoa. Wali laini, pazia fupi, kicheko kirefu. Miaka sita ya kukosolewa kwa upole ilimmaliza. Alipanga kumwambia jioni. Asubuhi mume alivaa viatu mlangoni akasema, "Naenda, nitarudi," kama mke na mume wote wa nchi hii wanavyoagana, na jibu lake ni "nenda urudi". Chinatsu hakujibu. Alijifanya anasugua sufuria. Masaomi akaanguka kwenye jukwaa la treni, moyo ukasimama, na lile neno likabaki halijasemwa, pamoja na lile jingine kubwa zaidi.

Kwa miaka miwili baada ya hapo aliishi na marehemu ndani ya nyumba. Alimsikia kwenye korido. Ndiyo maana aliposoma tangazo la Tobiishi alikwenda mpaka mji wa Choshi kumpigia magoti mama mkwe ampe ule mfupa wa koo. Mama mkwe alidhani ni mapenzi. Kumbe alitaka mumewe apelekwe mahali ambapo hata kurudi hawezi.

Na kweli, tangu roketi iruke, nyumba ilinyamaza.

"Hujui raha yake," alimwambia Teppei siku moja, wamekaa wamefunika miguu kwenye meza yenye moto chini, wanamenya machungwa. "Nasikia mpaka friji. Zamani nilikuwa siisikii."

Teppei akalimeza lile chungwa na kokwa zake.

*

Stoo ya Tobiishi ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha. Kisanduku kilikaa rafu ya chini, kimefunikwa nailoni, na karatasi imebandikwa: "Safari ijayo". Mara ya kwanza Teppei alikiwekea bilauri ya maji kwa sababu tu aliona aibu. Nyumbani kwao hakuna marehemu aliyeamkia koo kavu. Bibi yake asingemsamehe. Baada ya kumjua Chinatsu akaongeza bilauri ya pili, upande wa Masaomi, peke yake. Hilo hakulifikiria sana. Mtu unapompenda mke, unajikuta unamhudumia mume.

Alianza na kuongea naye. "Asubuhi njema, kaka. Chidori haijambo. Mkeo naye hajambo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nitamwambia. Nipe muda."

Januari, siku moja ya theluji, treni zilichelewa, na Teppei akaingia stoo saa nne. Alikuwa anafungua chupa ya maji alipomsikia mtu anasafisha koo nyuma ya rafu. Alizunguka na kuangalia. Hapakuwa na mtu. Alirudi, akamimina maji haraka mpaka yakamwagikia kiatu.

Tangu hapo hakuchelewa tena, na sauti ile ikimrudia hata akiwahi, alibadilisha maji. Hata siku alizolala kwa Chinatsu alitoka alfajiri mbio, kola imekunjamana, mkate mdomoni.

"We mwanaume, nani anakusubiri huko kila asubuhi?" Chinatsu alimuuliza kutoka ndani ya blanketi. "Nikigundua ni msichana wa ofisini nitaishona mikono yote miwili ya hilo jaketi ifungike."

"Ni mzee mmoja mkali. Nikichelewa ananuna."

"Hanishindi mimi."

"Mpenzi, nyinyi mngeelewana sana," Teppei akasema, akafunga mlango haraka kabla uso haujamsaliti.

Mwezi wa Machi, miti ya cheri ilipoanza kuchanua kando ya mfereji, Chinatsu alikuwa anapika wali akacheka peke yake. "Umeiva laini. Marehemu angekuwa hapa, angekohoa."

"Angekohoa?"

"Alikuwa akitaka kunikosoa, kwanza asafishe koo. Ndiyo ilikuwa kengele. Nikiisikia tu, mabega yananipanda mpaka masikioni. Na baada ya kufa ndiyo niliyokuwa naisikia humu koridoni." Akageuka na mwiko mkononi. "Teppei, mbona umekuwa mweupe hivyo? Utakula au hutakula?"

Angesema pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini Chinatsu alikuwa amevaa sweta ya njano, rangi ya kwanza kumwona nayo nyumbani, anapuliza mvuke wa wali huku anaimba, na Teppei akaona kwamba furaha yote ile imejengwa juu ya rafu moja ya stoo. Akasema, "Nitakula."

*

Chidori ilishuka asubuhi ya Jumapili, mwisho wa Aprili. Uwanja wa Kinshicho ulijaa tena, na Chinatsu alikuwepo mbele kabisa, gauni la bluu ya mbingu, kiatu cha kisigino, midomo imepakwa rangi. Teppei alikuwa ofisini, amesimama nyuma ya viti vya wakubwa.

Kila kitu kilienda vizuri mpaka karibu na mwisho. Mwendo ulipungua, urefu ukapungua, miguu ikafunguka. Kisha namba kwenye skrini zikaganda. Watu wakangoja. Bwana Kuwabara akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kule uwanjani mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Imefika?" Baada ya muda mrefu sana mtangazaji akasema mawasiliano yamekatika, na inaelekea chombo kimejibamiza chini.

Simu ya Teppei ikatetemeka.

"Teppei." Alikuwa analia mpaka maneno yanagongana. "Amevunjika, sivyo? Nimempeleka mbali vile, mahali hana mtu, halafu amevunjika. Ni mimi niliyemtupa. Niambie, amevunjika?"

"Nenda nyumbani. Nakuja."

"Niambie kwanza."

"Nakuja, Chinatsu."

Alipogeuka, Bwana Kuwabara alikuwa ameshakusanya watu. "Familia za marehemu tutaziambia kwamba wapendwa wao wamepumzika mwezini," alisema kwa uchovu. "Haitamuumiza mtu. Kuna hata uzuri wake."

"Ni uongo, mkuu," Teppei akasema.

"Ueda, leo si siku ya hayo."

Teppei alikwenda stoo, akafungua kisanduku, akatoa kichupa kimoja. Wengine aliwainamia na kuwaomba radhi, kwamba atarudi kwa ajili yao. Kichupa akakitia mfuko wa ndani wa jaketi na kukishikilia kwa mkono njia nzima.

Chinatsu alifungua mlango, rangi ya macho imechuruzika mpaka mashavuni. Akamrukia shingoni. Teppei akamshika mabega akamketisha.

"Masaomi hakuvunjika."

"Usinibembeleze."

"Hakwenda." Akakiweka kichupa mezani. "Kisanduku kilitolewa Oktoba. Bano lilipasuka. Niliyekitoa ni mimi."

Chinatsu alisoma jina. Alilisoma tena, kidole juu ya herufi. Hakupiga kelele, na Teppei angetoa chochote apigiwe kelele. Alijifuta uso, akakaa sawasawa, akanyoosha gauni magotini, na alipofungua mdomo alikuwa anaongea kwa ile heshima tunayowawekea wageni.

"Bwana Ueda. Kwa hiyo siku ile uwanjani ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Ukala oden yangu."

"Nilikula."

"Nikakuuliza leo yuko wapi, leo yuko wapi, kila siku ya Mungu. Nikakuingiza humu ndani. Nilikuingiza kwa sababu nilidhani yeye ametoka." Sauti ilitaka kukatika, akaizuia. "Nashukuru kwa kumrudisha. Mlango unaujua."

Teppei akainama mpaka chini, akavaa viatu. Akiwa ameshika kitasa, swali likamfuata.

"Na yule mzee mkali wa kila asubuhi?"

"Ndiye huyo. Nilikuwa namwekea maji."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ila nikichelewa, anakohoa."

Chinatsu akasimama. "Hayo nimekusimulia mimi."

"Ulinisimulia Machi. Nilimsikia Januari."

"Anakohoaje?"

Teppei hakutaka, lakini akafanya. Mara mbili fupi, kavu, kisha moja ndefu iliyoteremka kupitia puani na kuishia juu, kama mtu anayeuliza. Hilo Chinatsu hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote. Alishika ukingo wa meza.

"Toka," akasema. Hakuwa na hasira tena, alikuwa anaogopa.

*

Teppei aliwapigia simu ndugu wa marehemu wote, mmoja baada ya mwingine, akafukuzwa kazi kabla hajafika katikati, akamalizia kwa simu yake mwenyewe. Bwana Kuwabara na wakubwa wenzake waliinama mbele ya kamera kuomba radhi, wakakaa wameinama kwa muda unaotakiwa. Teppei akapata kibarua cha kutengeneza lifti.

Chinatsu akamweka mumewe juu ya kabati, kwenye kimeza cha zamani cha kuwekea marehemu maji na ubani, na picha, na ua. Jioni ya kwanza, alipofunua sufuria ya wali, koo likasafishwa koridoni. Hakugeuka. Mabega yakapanda mpaka masikioni, kama zamani. Kisha likasafishwa tena, na tena. Mvua za Juni zikaingia, nguo hazikauki, kuta zinatoka jasho, na marehemu hanyamazi. Alihama chumba cha kulala, akalala jikoni. Alikuwa anamkumbuka Teppei, na alikuwa amekasirika mpaka simu aliificha kwenye kabati la vitambaa.

Jumamosi moja asubuhi aliitoa.

"Umemfanya nini mume wangu?" alianza bila salamu. "Zamani alikuwa anakohoa mara moja, basi. Sasa ni tangu kunakucha. Umemdekeza."

Teppei alikuwa juu ya lifti, mtaa wa Ueno, ametundikwa kwa mkanda. Alikaa chini palepale. "Maji unamwekea?"

"Naweka. Mimi si mshenzi."

"Ya bomba?"

"Kuna maji mengine?"

"Anataka ya baridi. Yenye kipande kimoja cha barafu. Viwili hataki."

"Umejuaje?"

"Nilijaribu kila kitu. Vuguvugu, chai, kahawa ya kopo. Nilijaribu mpaka aliponyamaza."

Akasikia friji inafunguliwa, barafu inalia ndani ya bilauri. Wakangoja wote wawili, yeye ndani ya shimo la lifti, mwenzake mbele ya kabati. Mvua ilikuwa inapiga dirisha kwa Chinatsu na Teppei aliisikia vizuri kwenye simu.

"Amenyamaza," Chinatsu akanong'ona, na hapo akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko. "Miaka sita nimempikia na sikujua kitu kama hicho. Wewe umekaa naye stoo majira ya baridi moja tu."

"Mimi hakunikosoa. Mimi alikuwa ananidai maji tu."

"Teppei."

"Niko hapa, mpenzi."

"Nilikuwa namwacha. Asubuhi ile nilikuwa na ufunguo mkobani." Akamweleza yote, sufuria, viatu mlangoni, jibu ambalo hakulitoa. "Hajui. Ndiyo maana hatulii. Anasubiri nimwambie, na mimi siwezi. Namwogopa akiwa mfupa kuliko nilivyomwogopa akiwa mtu."

Teppei hakumpa ushauri, na katika yote aliyoyafanya mwaka ule hilo lilikuwa la busara kuliko yote. Alisema tu, "Sitakuficha kitu tena."

"Nimekusikia. Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Siku za Obon, marehemu wakirudi, nampeleka Choshi, kwa mifupa yake mingine. Atulie na mwili wake. Utanisindikiza? Mwisho geti la makaburi. Mama mkwe hakujui."

"Mwisho getini."

*

Choshi mwezi wa Agosti jua halina adabu. Makaburi yamepangwa kwenye kilima juu ya mji, na siku zile za kupokea marehemu kila familia ilikuwa huko, wanaume na mashati yamelowa, watoto wanakimbizana na ubani mkononi. Chinatsu alivaa gauni la kitani la kijivu na kofia pana. Teppei alibaki getini kama walivyoahidiana, bila jaketi, amesimama penye jua kwa sababu kivuli kilikuwa kimejaa wazee.

Mama mkwe alikuwa ameshafika, kikongwe mwembamba aliyejifunga taulo shingoni, anang'oa majani kwenye nyufa za jiwe. Mhudumu wa hekalu akafungua kaburi, mfupa ukaingia, likafungwa. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kununua tiketi. Wakabaki wawili, ubani unafuka.

Chinatsu akapiga magoti. Alikuwa amejifunza maneno yake tangu Tokyo, treni nzima. Sasa yalikwama. Akajaribu mara ya pili. "Masaomi," akasema, kisha akaona mama mkwe yuko palepale, na machozi yakamdondokea mikononi.

"Unataka kumwambia ulikuwa unaondoka," mama mkwe akasema, bila kuacha kung'oa majani.

Chinatsu akainua uso.

"Alinipigia asubuhi ile, akiwa anaelekea kituoni. Alikuwa anatafuta kalamu mkobani mwako akaona ufunguo wenye anwani ya Kameido. Akaniambia, 'Mama, Chinatsu amepata chumba. Ana haki yake. Leo nitarudi mapema nipike mimi, halafu nikae kimya nimwache aseme.'" Kikongwe akajipangusa kwa taulo. "Mwanangu kukaa kimya. Nilicheka. Nikamwambia hataweza."

"Mama, karibu miaka mitatu umelikalia hili?"

"Nilikuwa mchoyo. Ukijua, huna sababu ya kurudi huku tena. Goti langu limekufa, mtoto ni yule mmoja, nani angekuja kuniamkia?" Akang'oa jani jingine. "Ulipokuja kuomba ule mfupa nikajua unamkimbia. Nikakupa. Nilidhani ukimpeleka huko juu utapata kupumua, na mimi sitalazimika kusema."

Chinatsu alilia kwa sauti, mbele ya familia za watu, kofia imeanguka. Alilia kwa ajili ya jioni ambayo mtu angempikia na kukaa kimya, na hakuwahi kuipata. Mama mkwe alimwacha alie, akamsogezea kofia ili isichafuke.

"Nitakuja," Chinatsu akasema alipoweza. "Kila Obon nitakuja. Kwako, mama, si kwake tu."

"Utakuja na nani? Maana kuna mtu pale getini anaungua na jua tangu tulipofika, na kila ukilia anapiga hatua moja halafu anarudi."

Chinatsu akatazama chini, kwenye ngazi ndefu za mawe. "Anaitwa Teppei. Nampenda."

"Basi mwite, azirai bure? Na aje na ndoo ya maji kutoka pale bombani, jiwe hili halijaoshwa."

Chinatsu akasimama, vumbi magotini, akamwita kwa sauti mbele ya kaburi la mumewe, na jina la mwanaume mwingine likatoka kinywani bila kukwama.